Kushika Mpini, Kuacha Makali

Lifti ya jengo letu ina lugha nyingi kuliko darasa lolote nililowahi kukaa. Asubuhi, kabla ya saa moja, utasikia Kitagalogi, Kitamili, Kinepali, Kiamhari, na mara mojamoja Kiswahili, tunapoulizana habari za usiku na jirani yangu wa Mombasa. Hapa ni St. James Town, Toronto: majengo marefu 19 yaliyosimamishwa miaka ya 1960 kwenye kipande kidogo cha ardhi kati ya barabara za Sherbourne na Parliament, mengi yakapewa majina ya miji ya Kanada. Watu wa nje huutaja mtaa huu kwa msongamano wake na kwa moto uliowahi kuwatoa watu wengi majumbani mwao. Mimi nataka kuutaja kwa jambo jingine.

Ukisimama mlangoni pa maktaba yetu, namba 495 Sherbourne, ng'ambo ya barabara ndipo ilipokuwa namba 500. Mwaka 1958 ilifunguliwa hapo hospitali ya saratani ya Princess Margaret pamoja na Taasisi ya Saratani ya Ontario, ikakaa hapo mpaka 1995 ilipohamia University Avenue. Ndani ya jengo lile mwanafizikia James Till na daktari Ernest McCulloch walikuwa wakiwapiga panya mionzi, kisha wakiwadunga uboho wa panya wengine. Siku kumi baadaye McCulloch akakuta vinundu kwenye bandama za panya wale. Wengi wangeviona vinundu hivyo, wakaandika neno moja kwenye daftari, wakaendelea na kazi. Yeye alivihesabu. Akaona kwamba kadiri seli za uboho zilivyoongezwa ndivyo vinundu vilivyoongezeka, sawia kabisa: takribani kinundu kimoja kwa kila seli 10,000. Hesabu hiyo, iliyochapishwa mwaka 1961, ndiyo iliyoufungua mlango wa elimu ya seli shina. Na mwaka 1984 Tak Mak, wa taasisi hiyohiyo, akatangaza jeni ya kipokezi cha seli T, yaani ule mkono ambao askari wa damu huutumia kumpapasa mgeni na kumtambua.

Nimeanza na vinundu kwa sababu ufundi ninaotaka kuusifu una kazi mbili, kushikisha na kuhesabu. Kuhesabu kuna mizizi hapa mtaani kwetu, mahali ambapo sasa mama wa watoto wawili anasukuma toroli la nguo kuelekea dobi bila kujua. Kushikisha kunafanyika kilomita mbili na ushei kutoka hapa, College Street, kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Toronto. Huko wamo watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakizibandika kingamwili kwenye chembe za nano ili dawa ya saratani iende ilikotumwa, isizagae mwili mzima.

Tuanze na kingamwili yenyewe. Ni protini ambayo mwili huiunda ili kumkamata mgeni, na umbo lake ni la manati. Chini kuna mpini mmoja, juu matawi mawili, na kwenye ncha za matawi ndiko kuna makali: vishimo vidogo vilivyochongwa kulingana na kitu kimoja tu, kama tundu la kufuli na ufunguo wake. Pale matawi yanapoachana na mpini pana bawaba, kwa hiyo matawi hucheza, hufunguka na kujikunja kutafuta pa kushika. Manati hii ina urefu wa nanomita kumi hivi, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 au karibu na hapo. Sasa chukua chembe ya dhahabu ya nanomita 50 uivimbishe mpaka iwe mpira wa miguu: kingamwili iliyokaa juu yake itakuwa na urefu wa vidole viwili au vitatu vilivyobanwa pamoja. Huo ndio ukubwa wa meza ya fundi wetu. Fundi haioni, haigusi, na hana koleo ya kushikia kitu kilicho juu yake.

Hata hivyo wewe msomaji umeshaishika kazi hii mkononi. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha plastiki nyeupe ambacho kwenye zahanati hudondoshewa tone la damu kutoka kidoleni, kina kingamwili zilizobandikwa kwenye chembe za dhahabu. Mstari mwekundu unaojitokeza baada ya dakika kumi na tano au ishirini ni dhahabu. Chembe hizo zimekaushwa ndani ya kipimo pamoja na sukari ya kuzihifadhi. Tone la damu na maji ya kipimo yanaziamsha, zinasafiri kwenye utepe, zikikutana na protini ya kimelea zinaikamata, na mbele kidogo kingamwili nyingine zilizopigiliwa kwenye utepe zinazikamata zenyewe. Zikijikusanya mamilioni kwa mamilioni mahali pamoja, jicho linaona wekundu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na leo vipimo hivi hutengenezwa kwa mamia ya mamilioni kila mwaka. Vinabebwa kwenye pikipiki juani, vinafika zahanati isiyo na friji, na bado vinafanya kazi. Hilo pekee linatosha kumvulia kofia fundi aliyefungia kingamwili ile kwenye dhahabu ile.

Anaifunga vipi?

Kwanza anatengeneza dhahabu. Njia inayotumika zaidi ni ile ya John Turkevich na wenzake ya mwaka 1951, nayo kwa kuitazama ni kama mapishi. Chombo cha kioo kinaoshwa kwa tindikali kali inayoweza kuyeyusha hata dhahabu, kwa sababu alama ya uchafu iliyobaki ukutani mwa chombo itaharibu kila kitu. Maji safi yenye chumvi ya dhahabu, ya rangi ya manjano iliyofifia, yanachemshwa huku yakikorogwa. Kisha fundi anatia sitrati, ambayo ni jamaa ya ule ukali ulio kwenye ndimu. Manjano inapotea. Kwa muda maji yanakuwa kama hayana kitu. Halafu yanaingia kijivu, yanakolea kuwa zambarau ya giza, na baada ya dakika chache yanageuka mekundu, mekundu ya juisi ya rozela iliyochujwa vizuri. Sonara wa Zanzibar aliyeishika dhahabu maisha yake yote asingeitambua. Rangi hiyo ndiyo iliyomshughulisha Michael Faraday kule London mwaka 1857, akatambua kwamba ni dhahabu ileile iliyogawanywa vipande vidogo mno visivyoonekana. Sitrati ikizidi, chembe zinakuwa ndogo. Ikipungua, zinakuwa kubwa. Fundi anachagua ukubwa kwa kipimo cha ndimu.

Chembe hizo hazigandani kwa sababu sitrati imezivika chaji ya umeme ya aina moja, nazo zinasukumana kama watu wasiotaka kuketi benchi moja. Ukitia chumvi ya kawaida, chaji inafunikwa, chembe zinagongana, zinashikana, na wekundu unakufa. Hapa ndipo panapokuja jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote katika ufundi huu, nalo ni la chumvi ya kupikia.

Fundi anapanga vichupa, tuseme kumi. Katika kila kimoja anatia kiasi kilekile cha maji mekundu, akiwa amekwisha kurekebisha uchachu wake uwe chini kidogo ya kiwango ambacho kingamwili inakosa chaji. Kichupa cha kwanza hakipati kingamwili. Cha pili kinapata kidogo, cha tatu zaidi kidogo, hivyo hivyo mpaka cha kumi. Anasubiri. Kisha anatia maji ya chumvi katika vyote. Cha kwanza kinageuka mbele ya macho yake: wekundu unaingia zambarau, zambarau inaingia samawati, na ukikiacha, chini kutatua tope jeusi. Cha pili kinafuata. Cha tatu kinasita, kinakuwa zambarau na kubaki hapo. Cha tano, tuseme, hakitikisiki. Kimebaki chekundu kama kilivyokuwa, maana kingamwili zimeivika kila chembe pande zote na chumvi haina pa kupenya. Kichupa cha kwanza kilichobaki chekundu ndicho kinachompa kipimo chake. Anaongeza kidogo juu yake kwa tahadhari, na hapo anajua atatia kingamwili kiasi gani kwenye kazi kubwa. Mwisho anatia albumini ya damu ya ng'ombe kuziba nafasi zilizobaki wazi, kisha anazizungusha kwenye mashine ili chembe zishuke chini, anamwaga maji ya juu yenye kingamwili zisizoshikwa, anaosha, anarudia.

Hakuna hadubini katika jaribio hilo. Kuna vichupa, chumvi na jicho. Mtu anaweza kuwa na mashine za mamilioni ya dola na bado asubuhi akaanza na vichupa kumi vya chumvi, kwa sababu vinamwambia ukweli kwa dakika kumi.

Lakini kuvika chembe ni hatua ya chini ya ufundi. Swali gumu ni hili: kingamwili imekaa vipi? Kwetu tunasema fulani ameshika mpini na wenzake wameshika makali, na kila mtu anaelewa nani atakatwa. Kingamwili nayo ni hivyo hivyo. Ikishikwa kwa mpini, matawi yanaangalia nje na makali yake yanafanya kazi. Ikishikwa kwa makali, imekaa kichwa chini miguu juu; ipo, imehesabiwa, imelipiwa, na haikamati kitu. Ikilala ubavu, tawi moja linafanya kazi na jingine limebanwa.

Njia ya zamani ya kemia haitofautishi mpini na makali. Inafanya kiungo kati ya asidi iliyo kwenye chembe na amini zilizo kwenye kingamwili, na amini zenyewe zimetapakaa kila mahali: kingamwili moja ina lisini, zinazobeba amini hizo, takribani 80, baadhi zikiwa palepale kwenye makali. Ni sawa na kumpa mtoto gundi na jembe ukamwambia aunganishe. Ataunganisha. Kwa kazi nyingi inatosha, kwa kuwa katika kingamwili mia, zitakazokaa vizuri zitapatikana. Kwa dawa itakayoingia mshipani mwa mgonjwa, mafundi hawakuridhika na bahati.

Wakaenda kutafuta mpini ulipo. Kingamwili ina sukari iliyoshonewa kwenye mpini wake, mbali na ncha. Kemikali iitwayo periodati huifungua sukari hiyo na kuiacha na vishikio ambavyo havipo mahali pengine kwenye protini. Hapo unashika mpini peke yake. Shida ni kwamba periodati ikikaa kupita kiasi inaanza kuyagusa makali pia, kwa hiyo kazi inafanywa gizani, kwenye baridi, kwa saa inayotazamwa. Wengine wanaiendea bawaba: wanavikata kwa upole viungo vya salfa vinavyoshikanisha pande mbili, na salfa iliyoachwa wazi inakuwa kishikio. Hapo napo mkono mzito unaweza kuisambaratisha manati nzima.

Mwaka 2007 Molly Shoichet na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha njia yao, nayo ni ya unyenyekevu wa kupendeza. Chembe zao hazikuwa za dhahabu. Zilikuwa za polima inayooza mwilini, inayojikunja yenyewe kwenye maji ikawa vidonge vidogo vyenye nyuzi nje. Kwenye ncha za nyuzi hizo waliweka furani. Kingamwili wakazipa maleimidi. Furani na maleimidi zikikutana kwenye maji zinafungana kuwa pete, bila kuhitaji shaba wala madini mengine ya kuchochea, bila moto mkali, bila sumu ya kuja kuoshwa baadaye. Muungano wa namna hiyo uligunduliwa na Wajerumani Otto Diels na Kurt Alder mwaka 1928, wakapata Nobeli mwaka 1950, na kwa miaka mingi ulikuwa mali ya watu wa kemia ya viwanda na madawa ya kawaida. Kuuchukua na kuuleta kwenye maji, karibu na protini ambayo ukiipasha moto inaharibika kama ute wa yai, kunahitaji jicho la fundi anayezijua zana za karakana nyingine. Mimi naona uzuri wake uko hapa: nguvu iliyotumika ni ndogo kabisa inayoweza kushika.

Dhahabu nayo ina rafiki yake, salfa. Pale kwenye kitivo cha famasia cha Leslie Dan, namba 144 College Street, kikundi cha Raymond Reilly kimeutumia urafiki huo. Wanachukua kingamwili ya trastuzumabu, ileile inayouzwa kwa jina la Herceptin, wanaifunga kwenye uzi mrefu wa polima unaopenda maji, na mwisho wa uzi huo una salfa inayoing'ang'ania dhahabu. Uzi unaipa kingamwili nafasi ya kucheza, kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu. Chembe hiyohiyo wanaibebesha pia indiamu-111, madini yenye mionzi ambayo hutoa elektroni zenye mwendo mfupi sana, nyingi zikiishia ndani ya seli moja. Silaha ya mwendo mfupi namna hiyo haina maana ikipigwa kutoka mbali, inabidi ipelekwe mpaka mlangoni. Mwaka 2016 walionyesha kwamba chembe hizo, zikidungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe wa panya, ziliuzuia usikue.

Trastuzumabu inakamata HER2, kipokezi kilichoko juu ya seli. Seli ya kawaida ya titi ina vipokezi hivyo makumi ya maelfu. Katika baadhi ya saratani za matiti vinaweza kufika milioni 2 kwenye seli moja. Tofauti hiyo ndiyo anwani. Mwaka 2008 kikundi cha Warren Chan, cha chuo hichohicho, kilivika Herceptin kwenye chembe za kuanzia nanomita 2 hadi 100 kikauliza ni ukubwa gani unaoiathiri seli zaidi. Jibu lilikuwa nanomita 40 hadi 50. Ndogo mno haivuti vipokezi vya kutosha kuifanya seli iimeze. Kubwa mno inang'ang'ania vipokezi vingi mno na kukwama. Katikati ndipo palipo kazi. Vivyo hivyo, kuongeza kingamwili si lazima kuboresha. Chembe iliyosongwa na kingamwili kama daladala ya jioni haina tawi linaloweza kunyooka.

Mpaka hapo yote yamefanyika kwenye kichupa. Damu ni habari nyingine. Chembe ikiingia damuni inavamiwa na protini kwa sekunde chache, zinaivika joho lao wenyewe, na kingamwili iliyoshikishwa kwa jasho lote lile inaweza kufunikwa isionekane. Watafiti wa Dublin walilionyesha hilo mwaka 2013 kwa chembe zilizobeba protini ya transferini: kwenye maji safi zilikamata, kwenye maji ya damu zikapoteza lengo. Kisha kuna ini na bandama, walinzi waliokaa njiani kumeza kila chembe wasiyoifahamu. Nyuzi za polima zinazopenda maji huwachelewesha walinzi, haziwazuii.

Na sasa ile kazi ya pili, kuhesabu. Mwaka 2016 Chan na wenzake walikusanya matokeo yaliyochapishwa kwa miaka 10 duniani kote, wakatafuta ni sehemu gani ya chembe zilizodungwa inayofika kwenye uvimbe. Wastani wa kati ulikuwa asilimia 0.7. Mwaka 2018 wakasogea karibu zaidi. Walidunga panya chembe za dhahabu na za silika zilizovikwa trastuzumabu au asidi ya foliki, kisha wakahesabu, si zilizofika kwenye uvimbe tu, ila zilizofika kwenye seli za saratani zenyewe. Walipata chini ya 14 katika kila chembe milioni 1. Nyingi za zilizofika kwenye uvimbe zilikuwa zimenaswa kwenye nyama za katikati au zimemezwa na seli walaji. Na katika seli za saratani 100, ni 2 tu zilizoguswa.

Nimeisoma takwimu hiyo mara nyingi na kila mara namheshimu zaidi aliyeiandika. Hawa ni watu ambao maisha yao yote ni kuzibandika kingamwili kwenye chembe. Jina lao, ruzuku zao, wanafunzi wao, vyote viko kwenye kazi hiyo. Wakaihesabu kazi yao mpaka chembe ya mwisho, wakakuta 14 katika milioni, wakaichapisha. McCulloch alipohesabu vinundu pale namba 500 Sherbourne alipata furaha ya kugundua. Kuhesabu kunakoonyesha kwamba hujafika kunahitaji moyo mwingine. Na hawakuachia hapo. Mwaka 2020 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba hadi asilimia 97 ya chembe zinazoingia kwenye uvimbe hupitishwa na seli za kuta za mishipa zenyewe, zikifanya kazi ya kuzivusha, wakati kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba zinavuja tu kwenye matundu ya mishipa mibovu. Ramani ya njia ilikuwa na makosa. Fundi akijua mlango uko wapi anaweza kuanza kuchonga upya.

Wagonjwa nao wamelipa bei ya ramani ile. Dawa iliyoitwa MM-302, vifuko vya mafuta vyenye doksorubisini vilivyobandikwa kingamwili za HER2, ilifika kwenye majaribio ya wanawake wenye saratani ya matiti, na mwishoni mwa 2016 jaribio likasimamishwa kwa kuwa haikuonyesha faida juu ya tiba iliyokuwepo. Huenda kingamwili zilikuwa zimekaa vizuri. Huenda njia ndiyo iliyokuwa ndefu.

Kwetu nyumbani habari hizi zinaweza kuonekana za watu wenye muda wa kuchezea dhahabu. Sikubaliani. Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza kwa miaka kazi ya tiba za nano kule Afrika Kusini katika taasisi ya CSIR, akizitia dawa za kifua kikuu ndani ya chembe za polima ili zitoke polepole na mgonjwa asimeze vidonge kila siku kwa miezi, kisha akarudi kufundisha Arusha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Kifua kikuu kinajificha ndani ya seli walaji, zilezile zinazomeza chembe za mafundi wa saratani na kuwaharibia kazi. Kwa daktari wa saratani seli hizo ni mwizi wa njiani. Kwa daktari wa kifua kikuu ndiyo anwani yenyewe. Kwa hiyo hatuna sababu ya kungoja wengine wamalize saratani ndipo tuanze.

Na trastuzumabu yenyewe, bila chembe, bila dhahabu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Mwanamke anayeingia taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na uvimbe kwenye titi anahitaji kwanza mtu apime kama seli zake zina HER2, na kipimo hicho pia mara nyingi hutumia kingamwili zilizounganishwa na kimeng'enya kinachotoa rangi. Ufundi wa kushikisha ni mmoja, kuanzia mstari wa malaria mpaka kipande cha nyama kwenye kioo cha maabara mpaka dawa ambayo bado haijafika. Anayeumudu kwa jambo dogo ana mkono wa kuanzia jambo kubwa.

Jioni maktaba yetu hujaa watoto wa mtaa. Wanafanya hesabu zao kwenye meza za dirishani, wengine wakiwatafsiria mama zao barua za serikali. Nawaandikia wazazi wao, hasa wanaosoma lugha hii: mtoto wako akipenda kemia, usimwambie ni kitu cha mbali. Mpeleke Parliament na Carlton, mpande tramu ya 506 kuelekea magharibi, mshuke College na University. Jengo la famasia mtalijua kwa vyumba viwili vya umbo la yai vilivyoning'inia ndani ya ukumbi wa vioo, na namba 160, jengo la utafiti la Donnelly, liko jirani yake. Usiku taa zikiwashwa vyumba vile vinaonekana vizuri kutoka barabarani.